Kilichowabana makaburu 1985, na kwa nini Bujumbura haikubanika vile vile

Nimesoma Morogoro, kampasi ya Mazimbu, na kwa muda mrefu nilikuwa napita jirani na yale makaburi ya wapigania uhuru wa Afrika Kusini bila hata kugeuza shingo. Siku moja jioni nikaingia, nikaanza kusoma majina, jiwe moja baada ya jingine, nikajikuta nimekaa chini. Hawa ni watu waliokimbia kwao, wengi wakiwa vijana kabisa baada ya maandamano ya wanafunzi wa Soweto 1976, wakaja kwenye shamba la zamani la mkonge ambalo serikali yetu iliwapa ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, 1977, wakajenga shule na kuipa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979 akiwa na miaka 22 tu.

Toka siku ile nimekuwa nikijiuliza ni kitu gani hasa kiliwashinda makaburu, wale watawala wa kizungu wa ubaguzi. Maana wengi ukiwauliza wanakwambia vikwazo basi, kama vile Marekani na Ulaya waliamka asubuhi moja wakafunga bomba. Haikuwa hivyo. Mwalimu Nyerere alisimama London tarehe 26 Juni 1959 akawaomba Waingereza jambo dogo tu, wasinunue bidhaa za Afrika Kusini. 1959 jamani! Miaka inakuja inapita, matunda yao yanauzwa madukani na dhahabu yao inanunuliwa kama kawaida.

Kilichobadilisha mambo ni mitaa kuwaka. Kuanzia Septemba 1984 vitongoji vya watu weusi havikutulia tena, watu wamegoma kulipa kodi za nyumba, shule hazisomeki, kila msiba unageuka maandamano. Halafu Julai 1985 kule Port Elizabeth (siku hizi Gqeberha) watu wakaamua kususia maduka ya wazungu. Hawakuchoma duka wala kurusha jiwe, waliacha kuingia tu. Hebu fikiria wewe ndo mwenye duka, umefungua asubuhi, nguo ziko kwenye hanga, mkate uko kwenye shelfu, na yule mama aliyekuwa anakuja kila Jumamosi haji, wiki hii haji, ijayo haji. Serikali ikatangaza hali ya hatari mwezi huo huo ikakamata watu kwa mamia, lakini polisi atamlazimisha vipi mtu kununua sabuni? Ikafika mahali wafanyabiashara wenyewe wa kizungu ndo wanaibembeleza serikali iwaachie viongozi wa mgomo ili wapate mtu wa kuongea naye.

Na hapo ndo benki zikaingia. Mwisho wa Julai hiyo hiyo Chase Manhattan ya New York ikakataa kuwaongezea makaburu muda wa mikopo, wenzake wakafuata. Wala sio kwamba walipatwa na huruma, waliangalia ile mitaa kwenye televisheni wakaona hela yao haiko salama. Na mikopo mingi ya makaburu ilikuwa ya muda mfupi, ile ambayo umezoea kuikopa upya kila inapoiva, sasa siku mkopeshaji anasema lete hela yangu, huna. Tarehe 15 Agosti rais wao, P.W. Botha, akahutubia Durban, dunia nzima inasubiri atangaze mabadiliko, yeye akakaza shingo, randi ikaporomoka mpaka wakafunga soko la fedha kwa siku kadhaa, na Septemba wakatangaza hawalipi madeni kwa sasa. Mwezi huo huo matajiri wakiongozwa na Gavin Relly wa kampuni ya madini ya Anglo American wakapanda ndege kwenda Mfuwe, Zambia, kukaa meza moja na Oliver Tambo, kiongozi wa ANC, mtu ambaye kwao anaitwa gaidi. Sheria kubwa ya vikwazo ya Marekani, ile ambayo Kongresi iliipitisha kwa nguvu juu ya kura ya kupinga ya Rais Reagan, ilikuja Oktoba 1986, yaani zaidi ya mwaka mzima baadaye.

Nalishikilia sana hili kwa sababu mimi ni mtu wa Kigoma na vikwazo nimeviona kwa macho. Julai 1996 mwanajeshi Pierre Buyoya alipopindua serikali Burundi, nchi jirani zilikutana Arusha zikaifungia mipaka, na msuluhishi alikuwa Mwalimu huyo huyo. Nilikuwa mdogo, ila nakumbuka madumu ya petroli yakirundikwa ufukweni jioni na asubuhi hayapo, na nakumbuka baba mdogo aliyekuwa akipeleka mizigo Bujumbura amekaa barazani mchana kutwa hana kazi. Wenye mtandao wa magendo walivusha usiku wakatajirika. Aliyeumia ni mama wa kule Burundi anayetafuta chumvi. Shinikizo lilikuwepo, silikatai, Buyoya aliregeza baadhi ya mambo na mazungumzo ya Arusha yakaanza 1998, ila vikwazo vilipositishwa Januari 1999 yeye alikuwa bado yuko ikulu.

Naomba nisieleweke vibaya, Burundi ilikuwa vitani na raia hawakuwa na nafasi ya kujipanga mtaani kama wale wa Port Elizabeth, huwezi kumlaumu mtu anayekimbiza watoto porini. Lakini kule Afrika Kusini mkono wa nje ulimkuta mtu wa ndani ameshashika koo, na ulibana pale pa mikopo, sio pa chumvi. Hata hivyo mambo yalichukua miaka, Botha aliongeza mabavu, watu wakaendelea kufa, mpaka rais aliyemfuata, De Klerk, aliposimama bungeni tarehe 2 Februari 1990 akaiondolea ANC marufuku.

Pale Mazimbu nilikuwa nasoma mwaka wa kila kaburi halafu nahesabu, huyu alibakiza miaka mingapi kufika 1990. Nilipomaliza mstari wa kwanza nikaacha kuhesabu.