Geji ya Waya na Kipande cha Mjomba

Huku kwetu Mtama, mkoani Lindi, neno "geji" watu wamelizoea kwa sababu ya bati. Msimu wa korosho ukifika na malipo ya mnada yakishaingia, hata bibi ambaye hakuwahi kukaa darasani ataagiza bati la geji 28 na kulikataa la geji 30, kwa kuwa anajua fika kwamba namba ikipanda, wembamba nao unaongezeka. Mtu huyo huyo akienda kununua waya wa uzio, huuliza bei na urefu tu, kisha hulipa.

Nami nilikosea hivyo hivyo. Mbuzi walikuwa wakimaliza mihogo michanga ya mjomba, nikanunua waya ulioandikwa geji 12 katika duka ambalo sitalitaja. Mjomba alichukua kipande cha waya wa zamani kinachoning'inia nyuma ya mlango wake, akakilaza kiganjani sambamba na ule mpya, akaupinda ule mpya kwa vidole viwili bila shida yoyote, akaniambia, "Mpwa wangu, hii si kumi na mbili." Fundi wa kuchomea alipoupima, ulikuwa na unene wa milimita 2, yaani geji 14, ilhali geji 12 ni milimita 2.64. Pengo hilo laonekana dogo, lakini nguvu ya waya hutokana na eneo lote la mkato wake, kwa hiyo katika kila mita nilikuwa nimepunjwa takriban asilimia 40 ya chuma. Jambo hili liliniuma, na linaniuma bado, kwa sababu wanaopunjwa zaidi ni wakulima wasio na kifaa cha kupimia.

Namba hizi huenda kinyume kutokana na utengenezaji wenyewe: chuma huvutwa kupitia tundu moja baada ya jingine, kila moja dogo kuliko lililotangulia, na kadiri kinavyovutwa mara nyingi ndivyo namba inavyokuwa kubwa. Uingereza iliviwekea vipimo hivyo kiwango cha kisheria mwaka 1884. Huko New Zealand, waya namba 8, wenye unene wa takriban milimita 4, umekuwa alama ya ustadi wa mkulima anayetengeneza chochote kwa alichonacho, ingawa katika nyua zao nafasi yake ilichukuliwa na waya mgumu zaidi wa milimita 2.5.

Ustadi huo nauona hapa kila siku. Waya mnene huwa mpini wa ndoo au kulabu ya kuopolea ndoo iliyozama kisimani. Mwembamba watoto huutengenezea magari, wakayasukuma barabarani hadi magharibi.

Waya ule niliurudisha dukani nikiwa na kipande cha mjomba mfukoni. Muuzaji alivilinganisha vyote viwili, akanyamaza kidogo, kisha akaenda ghalani kunitolea mwingine.