Si utakuwa umekasirika?

Tangu Jumanne maneno hayo matatu yamenikaa kooni.

Nilikuwa nawaandaa hawa wanangu wawili kwa safari ya msituni na darasa lao. Kila mmoja nikampa filimbi ya kuvaa shingoni na mfuko mkubwa wa taka wa rangi kali, nimeutoboa tundu la uso ili akiuvaa asikose hewa. Mkubwa akauvaa papo hapo. Sikuwasimulia yule mtoto wa miaka 9 aliyepotea mwaka 1981 kwenye mlima Palomar, California, akakutwa amekwisha kufa. Lakini ni kwa ajili yake Ab Taylor, fundi wa kufuata nyayo aliyekuwa kwenye msako ule, alianza na wenzake kuwafundisha watoto: ukijua umepotea, kumbatia mti, usiondoke.

Mdogo alijibu yote.

Ukipotea?

“Nasimama hapohapo. Nakumbatia mti.”

Filimbi?

“Mara tatu, napumzika, tena mara tatu.”

Na usiku ukisikia watu wanakuita jina?

“Najificha.”

Kwa nini, mwanangu?

“Si utakuwa umekasirika?”

Wala hakudeka. Alikuwa anazungusha uzi wa filimbi kidoleni, kama mtu anayetaja siku za wiki.

Natafuta ni lini nilimfundisha hilo. Siku alipochelewa kurudi kutoka kwa jirani nilimpokea mlangoni na sauti niliyoijua mimi kuwa ni ya hofu. Yeye alisikia nini? Watafutaji wanalijua jambo hili: wapo watoto wanaojificha wakiitwa, wengine wakiogopa adhabu, wengine kwa sababu tumewaonya wasiwaitikie wasiowajua. Nami nilikuwa nimelisoma. Sikudhani ni la nyumbani kwangu.

Wiki hii nimeanza ile kazi mpya na wifi amejifungua salama. Nitayaandika siku nyingine.

Jana usiku nilizima taa zote, mdogo akajificha, nikamwita. Kimya. Nikaita tena, taratibu: “Mama hana hasira. Mama anakutafuta.” Nyuma ya pazia filimbi ikalia mara tatu, kwa nguvu hadi baba yao akatoka bafuni na povu kichwani. Mdogo akanirukia shingoni akicheka, mwili wote moto. “Tena, mama!” Tukarudia mpaka nikapoteza hesabu, na kila mara alipuliza upesi zaidi.

Sasa wamelala. Ila mkubwa anakohoa huko chumbani, kikohozi kikavu, na hii ni siku ya tatu.