Fangasi chini ya matiti: nilivyopona

Kaskazi ya mwaka jana ilinikuta mbele ya karai. Napika mahamri na mbaazi Majengo, naanza kabla ya adhana ya alfajiri, na Mombasa mwezi wa pili jasho halikauki. Linashuka kifuani, linatuama chini ya matiti. Hapo ndipo mwasho ulipoanza. Nilidhani ni vipele vya joto. Wiki ya pili ngozi ikawa imeiva, imelowa, inachubuka, na pembezoni mwa doa kubwa vikatawanyika vipele vidogo vidogo. Usiku nilifumbata kanga kifuani ili ngozi isigusane.

Mama jirani alinipa mafuta ya nazi. Yalinipoza kidogo, kisha pakazidi kulowa. Nikanunua krimu ya mchanganyiko, ile inayopakwa huku kwetu kwa kila kitu, choa, chunusi, hata kutakatisha uso. Siku tatu tu, mwasho ukakatika. Nikaacha, ukarudi. Nikapaka tena, ukarudi umetanda mpaka mbavuni. Mwezi mzima nilikuwa kwenye mzunguko huo, na kila nilipoinunua hakuna aliyeniuliza naipaka wapi.

Aliyeniuliza alikuwa binti wa duka jingine la dawa. Akaligeuza boksi, akanionyesha maandishi. "Mama, humu mna dawa ya fangasi, lakini mna na steroidi. Inauzima mwasho, ila inaipunguzia ngozi kinga, na kwenye mikunjo inaifanya ngozi iwe nyembamba. Naomba umwone daktari kwanza." Bado namwombea dua.

Daktari alivitazama vile vipele vya pembezoni, akasema ni kandida, fangasi wa jamii ya hamira. Nilishtuka, kwani hamira naishika kila siku. Akanituliza kwamba si ile ya unga. Kandida huishi mwilini mwa watu wengi bila kuwadhuru, ila ikipata joto, unyevu na ngozi inayosuguana, huzaana. Akanipima sukari kabla sijala, maana fangasi wa kurudi rudi huenda ikawa dalili ya kisukari. Ilikuwa 5.2, yaani ya kawaida. Alhamdulillahi.

Dawa yenyewe ilikuwa klotrimazoli tupu, krimu ya fangasi isiyo na steroidi, ya asilimia 1. Kuipaka ni rahisi, kazi ni kupakausha. Naoga, nafuta kwa kugusisha taulo bila kusugua, kisha nakaa mbele ya feni mpaka ngozi iwe kavu kabisa. Napaka tabaka jembamba, nikivuka kidogo ukingo wa doa, kwa sababu krimu ikiwa nyingi nayo inalowesha. Asubuhi na usiku. Nilichana kanga kuukuu ya pamba vipande, nikawa naweka kimoja chini ya kila titi, nikibadilisha kikilowa. Sidiria ya nailoni niliiacha. Za pamba nilifua kila siku na kuzianika juani.

Siku ya nne mwasho ulipoa. Siku ya kumi ngozi ilikuwa kavu, nami nikatamani kuacha kama nilivyozoea. Daktari alikuwa amenionya juu ya siku hiyo hiyo, kwamba mwasho hutangulia kuondoka na fangasi wangali wapo. Nikaendelea mpaka wiki tatu zikatimia.

Alama nyeusi ilibaki, ikafifia polepole. Kusi ilikuwa imeshashika ndipo ikapotea. Mwaka huu joto lilipoanza, wifi yangu aliniita chumbani, akafunga mlango, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimewahi kuwashwa hapa. Nikamkatia vipande vyake vya kanga siku ile ile, na kesho yake nikamsindikiza kwa daktari.