Barua kwa Jina Lako Mwenyewe

Nilipokuwa nikisahihisha mtihani wa hisabati wa Kidato cha Tatu, nilikuta pembeni mwa karatasi ya mwanafunzi mmoja maneno yaliyoandikwa kwa penseli: "Mimi ni kilaza tu." Alikuwa amepata alama 18. Nilimwita nikamkanya asijiite hivyo. Akaitikia "Ndiyo, mwalimu," akaondoka na neno lake lilelile moyoni, kwa kuwa sikuwa nimempa jingine la kujiambia.

Baadaye nilisoma kuhusu kazi ya mwanasaikolojia Kristin Neff wa Chuo Kikuu cha Texas, aliyechapisha mwaka 2003 kipimo cha kujihurumia chenye nguzo tatu: kujitendea kwa upole, kutambua kwamba kukosea ni kwa binadamu wote, na kuyatazama maumivu bila kuyaficha wala kuyakuza. Nikaamua kulijaribu wazo hilo darasani: kila mwanafunzi alichana ukurasa wa daftari, akamwandikia barua rafiki wa kufikirika aliyepata alama zilezile alizopata yeye. Upole wao ulinishangaza: mmoja alimkumbusha rafikiye kwamba aliugua malaria wiki ya mtihani, mwingine aliahidi kumwelekeza logarithi. Ndipo nikawaambia wafute jina la rafiki, waandike majina yao wenyewe. Darasa lilicheka, kisha likanyamaza. Wavulana wawili walikataa, nami nikawaacha.

Kijana mmoja wa dawati la nyuma akauliza, "Mwalimu, huko si kujidekeza?" Swali lake lilikuwa zuri kuliko somo langu, na siku hiyo sikuwa na jibu. Wiki iliyofuata nilirudi na sharti kwamba kila barua itaje kosa moja na jambo la kulifanyia kabla ya Ijumaa, kwa sababu anayejidekeza hulikwepa kosa lake, ilhali anayejihurumia huweza kulikodolea macho bila kuogopa kwamba atatukanwa nalo. Nilikiri pia, kwa aibu kidogo, kwamba juma lile nilikosea hesabu ubaoni nikajiita mjinga kimoyomoyo. Nadhani ungamo hilo liliwagusa kuliko nguzo zote tatu.

Katika mtihani wa muhula uliofuata, yule mwanafunzi alipata alama 31. Pembeni mwa karatasi, kwa penseli ileile, alikuwa ameandika: "Swali la 6 nililikimbilia. Nitalirudia."