Nilivyompata wakala wa kampuni yetu Delaware nikiwa Nairobi

Mimi na mwenzangu tunaunda programu za kupanga zamu za wafanyakazi, na ofisi yetu ni chumba kimoja tu Kilimani. Wateja wetu wengi ni kliniki za Marekani, na wao hupenda kutia saini mkataba na kampuni ya kwao. Tukaamua kusajili LLC, yaani kampuni ambayo kwa kawaida madeni yake hayawafuati wamiliki, katika jimbo la Delaware. Usajili wenyewe haukutusumbua. Kilichonikalisha kitako ni kumpata wakala.

Karibu kila jimbo la Marekani, Delaware likiwemo, hudai kampuni iwe na wakala aliyesajiliwa, yaani mtu au kampuni yenye anwani ya mtaa katika jimbo lile lile, wa kupokea barua za serikali na hati za mahakama kwa niaba yako saa za kazi. Sanduku la posta halikubaliki. Sisi tuliokulia kwenye S.L.P., tukipokea barua za nyumba nzima kupitia sanduku la shule, tunaona ajabu kidogo. Lakini anayekushtaki lazima awe na mlango wa kubisha. Hati ya mashtaka ikimfikia wakala, sheria inahesabu imekufikia wewe. Akiisahau mezani, kesi inaweza kuamuliwa bila wewe kusikilizwa.

Nina dada, binti wa mama mdogo, ambaye ni muuguzi Wilmington. Aliposikia habari hizi alinicheka. "Unatafuta mtu wa kumlipa, na mimi niko hapa? Andika anwani yangu, mdogo wangu." Sheria inaruhusu, kwa kuwa yeye ni mkazi wa Delaware. Ila mchana yuko wodini, na jina la wakala na anwani yake huonekana na yeyote anayeitafuta kampuni kwenye kumbukumbu za jimbo. Sikutaka mlango wake uwe wa kupokelea mashtaka yangu. Nikamwambia, "Dada, asante sana, lakini hili niachie." Alinuna kidogo, yakaisha.

Njia ya pili ilikuwa mabroka wa hapa mjini, wanaokuuzia kila kitu kwa bei moja: usajili, wakala, namba ya kodi, unalipa kwa M-Pesa unaenda zako. Mmoja alinivutia mpaka nilipomuuliza akaunti kwa wakala itafunguliwa kwa barua pepe ya nani. "Yetu, sisi ndio tunakushughulikia." Hapo nikaaga. Barua ya mahakama ingepita kwake kabla ya kunifikia, na siku akifunga duka ningebaki nje ya kampuni yangu mwenyewe.

Nikarudi kwenye orodha ya mawakala wa kibiashara ambayo jimbo la Delaware lenyewe huichapisha. Bei zinatofautiana mno. Wapo wa dola 50 kwa mwaka na wapo wanaopita 200. Wengine hutoa mwaka wa kwanza bure, kwa hiyo nilikuwa nauliza kwanza bei ya mwaka wa pili. Kisha nauliza: hati ya mahakama ikifika, mnaiskani siku hiyo hiyo? Nikitaka kuhama, mnatoza? Nilikuwa natuma maswali saa kumi na moja jioni, kwao ikiwa asubuhi, nikiangalia nani anajibu kama mtu na nani ananirushia tangazo.

Kulikuwa na kipimo kingine ambacho mwenzangu alikiona cha ajabu. Sheria ya Delaware inataka LLC impe wakala jina, anwani na simu ya mtu halisi wa kuwasiliana naye. Wakala aliyekuwa tayari kupokea pesa bila kuniuliza hayo, nilimfuta. Nikawauliza pia kama wangenitayarishia fomu 5472, ambayo LLC ya mmiliki mmoja wa kigeni huijaza kwa mamlaka ya kodi ya Marekani. Sisi ni wawili, haituhusu kwa sura hiyo, lakini adhabu ya kutoijaza ni dola 25,000 na nilitaka kuona nani anaahidi ovyo. Niliyemchagua alijibu kwa mstari mmoja kwamba kazi hiyo ni ya mhasibu. Hakuwa wa bei ya chini kabisa.

Jambo moja huwachanganya watu wengi ninaozungumza nao: ada ya wakala haihusiani na kodi ya jimbo. LLC ya Delaware hulipa dola 300 kila mwaka kabla ya kumalizika tarehe 1 Juni, hata kama haikuuza kitu. Ukichelewa unaongezewa faini ya dola 200 pamoja na riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi. Ilani ya kodi hiyo hupitia kwa wakala. Yetu ilipofika ilikuwa imeskaniwa kwenye barua pepe tunayoifungua sote wawili, na mwenzangu akailipa kwa kadi kabla sijamaliza kuisoma.