Popo wa kwenye jani la katikati

Popo wa migomba hana nyumba inayodumu. Mchana analala ndani ya jani changa la mgomba, lile la katikati linalochomoza likiwa bado limejiviringisha. Likishaanza kufunguka, siku moja au mbili tu, inambidi ahame. Ndiyo maana tangu nirudi Kibosho, huku Kilimanjaro, natembea kihambani, shamba la migomba la ukoo wetu, shingo juu.

Leo nimempata. Mgomba wenyewe ulikuwa mfupi, kando ya mfereji, nikapanda juu ya jiwe nikachungulia tunduni. Manyoya ya hudhurungi, masikio madogo yanayochezacheza, mabawa yamekunjwa kabisa. Popo mzima wa aina hii ana gramu 3 hivi; sukari ya kijiko cha chai inamzidi. Kwenye vidole gumba ana vijitakia vya ngozi vinavyomsaidia kung'ang'ania jani linaloteleza. Sikumgusa (popo hashikwi kwa mkono mtupu, awe mdogo namna gani), nikashuka taratibu. Wilhelm Peters, mtaalamu wa wanyama wa Kijerumani, alimwelezea kitaalamu mwaka 1852 kutokana na popo wa Msumbiji, na sisi huku tumelala naye kihamba kimoja bila kumjua.

Mama mdogo akaniuliza, "Hao si ndio wanaonyonya damu?" Nikamwambia hapana, mama, wanaokunywa damu ni aina 3 tu duniani, na wote wako bara la Amerika. Huyu wetu jioni anatoka kukamata nondo, nzi na mbawakawa wadogo. Akaitikia, akaendelea kukata majani ya ng'ombe, na nilipomtazama vizuri nikaona jani la katikati haligusi. Nani alikate, wakati mgomba unakua kwa hilo? Bila kukusudia, wazee wetu wamemwachia popo chumba chake miaka yote.

Ninachohofia ni migomba kupungua. Mgomba mmoja haumtoshi hata kidogo. Anahitaji mingi iliyopishana umri, ili jani hili likifunguka leo, jingine liwe linachomoza hatua chache mbele. Na vihamba vinagawanywa, kila mtoto anajenga, uwanja unamwagwa zege. Hata sisi tunataka kujenga upande wa chini. Nimemwomba baba mdogo tusogeze msingi kuelekea barabarani, migomba ya kando ya mfereji ibaki yote. Amesema tutaongea Jumapili baada ya misa, ndugu wote wakiwepo.