Buriani, baba mdogo

Tumemzika jana. Bado tuko matanga, watu wanaingia na kutoka, kwa hiyo mnisamehe nikirukaruka.

Alisomea elimu maalumu Chuo cha Ualimu Patandi, kule Tengeru, Arusha, kisha akafundisha watoto wasioona mpaka alipostaafu. Sisi wa nyumbani tulimjua kwa kelele za mashine ya Perkins, ile ya kuandikia nukta nundu, maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa vidole. Vitufe vya nukta ni sita tu, lakini jioni nzima alikuwa mezani akiigonga, anaandaa mtihani huku ugali unapoa. Mama mdogo alishazoea.

Siku moja alinipa sleti, kile kibao cha kuandikia nukta hizo kwa mkono, na kichuma chake cha kutobolea, akaniambia niandike jina langu. Kwenye sleti unatoboa kutoka kulia kwenda kushoto, ili ukigeuza karatasi nukta zisomeke kutoka kushoto. Nilichanganyikiwa vibaya! Akacheka mpaka akavua miwani: "Wangu wa darasa la pili wanaweza."

Maneno mengi hakuwa nayo. Mabinti zake aliwasuka mwenyewe, na majirani waliosema walisema. Sare za shule alizipiga pasi yeye, kila Jumapili, redio ikitangaza mpira.

Msibani amekuja mwanafunzi wake wa zamani, fimbo nyeupe mkononi, naye sasa ni mwalimu. Mama mdogo ameamua ile mashine apewe yeye. Kitufe kimoja kinanata. Anayemjua fundi wa mashine hizi aje inboksi.